Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Asubuhi ya Alhamisi maziwa yalikuwa bado maziwa. Bernadette alifunua kopo la plastiki lililokaa kando ya jiko tangu Jumanne jioni, akaliinamisha, na kilichomo kikateleza upande mmoja kama maji. Alitumbukiza kijiko, akakiinua. Matone yalidondoka moja moja, mepesi. Alikuwa ameyachemsha, akayapoza, akatia vijiko viwili vya mgando aliopewa na jirani, akafunika kwa kitambaa. Aprili ya Durban ina joto la kutosha. Kwa kawaida usiku mmoja unatosha. Huu wa jana ulikuwa wa pili.

"Baba Kaneza," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone kitu."

Juma lile kila mtu katika jengo alizungumza kwa sauti ya chini. Tangu Jumanne, watu wenye marungu walipoingia katikati ya jiji kutafuta maduka ya wageni, msimamizi wa jengo lao pale mtaa wa Point alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaomba Warundi na Wakongo wafunge madirisha na wasiwashe redio. Saluni ambamo Bernadette alisukia watu nywele ilikuwa imefungwa kwa kufuli mbili. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa pia.

Onesphore, mume wake, alikuja akifunga vifungo vya shati. Alinusa kopo, akaliweka chini, akalinusa tena.

"Ulitia mgando wa nani?"

"Wa Mama Urbain. Wa kwangu na wa kwake ulitoka chupa moja. Yake iliganda jana asubuhi, amenionyesha."

"Mlitia saa ileile?"

"Tulikuwa tumesimama hapa hapa wote wawili. Kwani unanihoji kama polisi?"

Hakuwa anamhoji yeye. Kwao Burundi alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya sekondari, na mazoea hayo hayakumtoka. Mgando ulikuwa uleule, joto lilelile, saa zilezile. Kilichobaki tofauti ni maziwa. Maziwa huganda kwa sababu kuna vijidudu hai ndani yake. Kama vijidudu vilitiwa na bado hayakuganda, basi kuna kitu ndani ya kopo lile kilichoviua.

Wote wawili waligeuka kutazama godoro lililokuwa chini ya dirisha. Kaneza, binti yao wa miaka minne, alikuwa amejikunja na magoti kifuani. Alikuwa ametapika mara mbili tangu alfajiri. Walikuwa wamesema ni joto, kisha wakasema ni hofu, maana hata mtoto hujua nyumba ikiwa na hofu.

"Amekunywa kiasi gani?" Onesphore aliuliza.

"Kikombe kimoja Jumanne, nilipotoka tu kuyachemsha. Jana viwili, vya yale niliyobakiza bila kutia mgando."

"Kikombe kipi?"

"Chake, chekundu. Onesphore, kuna nini?"

Alikichukua kikombe chekundu, akakijaza maji, akayamimina ndani ya chupa ya zamani ya kunyonyeshea yenye alama za vipimo. Mililita mia mbili. Mara tatu. Bernadette alimtazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili.

"Wewe uliyanywa?" Onesphore aliuliza.

"Maziwa ya mtoto, niyanywe mimi? Nilionja tu. Yalikuwa na harufu kidogo, nikasema ni ya friji za kazini kwenu." Alimgeukia. "Ulisema ni maziwa ya duka."

"Ni ya duka. Niliyanunua mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote.

*

Aliyanunua Ijumaa kwa fedha za chuo. Onesphore alikuwa msaidizi katika maabara moja kule juu, mtaa wa Berea, chumba kisicho na dirisha. Katikati yake kulikuwa na bomba la kioo lenye maji yanayozunguka, limebanwa mahali pamoja kama mshipa wa damu wa mgonjwa. Kando ya bomba kulikuwa na mashine ya leza. Mashine ilitoa miale miwili ya kijani iliyokutana ndani ya maji, katika nukta ndogo kuliko punje ya mtama. Pale ilipokutana, mwanga na giza vilijipanga mistari mistari. Chembe iliyobebwa na maji ilivuka mistari hiyo ikimetameta, na mashine ilihesabu imemetameta mara ngapi kwa sekunde, ikatoa kasi ya maji bila kuyagusa.

Shida ni kwamba maji safi hayana cha kumetameta. Yapite polepole au kwa nguvu, mashine haioni kitu. Kwa hiyo walitia maziwa, matone machache katika tangi zima, na mafuta yake, vijitone visivyoonekana kwa jicho, yalitosha kutoa ushahidi. Zamani yalinunuliwa maziwa mapya kila asubuhi. Mwezi wa tatu ofisi ilipunguza fedha ndogo ndogo, na agizo likawa chupa moja ya lita mbili kwa majuma mawili.

Jumanne saa tano, habari za marungu zilipofika Berea, Profesa Moodley aliingia akiwa na funguo za gari mkononi.

"Zimeni kila kitu. Onesphore, mwaga hayo maziwa, sijui tutarudi lini. Elysée, funga tangi, kisha nendeni nyumbani. Nendeni sasa hivi."

Elysée, mwanafunzi wa shahada ya pili aliyetoka Uvira, Kongo, alikuwa anakunja nyaya. Alisikia. Onesphore aliipeleka chupa kwenye sinki, akafungua kifuniko, akaiinamisha mpaka maziwa yakafika mdomoni mwa chupa. Mkono ulikataa. Mahali alipozaliwa, juu kule Mwaro, mtoto aliyemwaga maziwa hakuchapwa kwa ajili ya hasara. Alichapwa kwa sababu ng'ombe husikia, na chuchu zake hukauka. Onesphore hakuamini hivyo. Alikuwa mtu wa fizikia. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kumwaga maziwa, na nyumbani maziwa hayakuwepo, na maduka yalikuwa yanafungwa. Alirudisha kifuniko. Chupa ilikuwa na nembo ya kiwanda tu. Hapakuwa na alama nyingine.

Getini mlinzi alimfungulia mfuko.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu."

"Andika."

Aliandika katika daftari la walinzi: maziwa, lita mbili, mali yangu. Akatia sahihi.

*

Sasa Onesphore alisimama katikati ya chumba na simu sikioni. Bernadette alikuwa amempakata Kaneza na kumfuta mdomo.

"Grand!" Elysée alimwita hivyo kama kaka mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Muko salama kule chini? Huku iko kimya, tunajifungia tu."

"Elysée, yale maziwa ya labo. Ulitia kitu?"

"Maziwa gani?"

"Ya lita mbili. Ya Jumanne."

"Si Prof alisema umwage?"

"Nimekuuliza ulitia nini."

"Mais grand, lakini ulimwaga, hapana?"

"Kaneza ameyanywa. Anatapika tangu alfajiri."

Kule Berea, Elysée aliketi kitandani. Ijumaa jioni alikuwa amevuka ukumbi kwenda kwa rafiki yake wa maabara ya viumbe, akapewa dawa kidogo katika kichupa. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliona ni akili: kama fedha za maziwa hazipo, maziwa yafanywe yasioze, na leza haijali. Ufadhili wake ulikuwa unahuishwa na Profesa kila muhula. Kwanza alimfikiria mtoto, halafu Profesa, halafu ufadhili. Alipofungua mdomo, mpangilio ulikuwa umegeuka.

"Eish, grand. Formole. Kidogo tu, ya kuzuia isioze."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Matone."

"Mangapi?"

"Mawili, matatu. Nitakumbuka namna gani?"

"Kwa pipeti ipi? Ile ndogo au ile kubwa?"

"Vraiment, kweli sikumbuki. Grand, pardon, usimwambie Prof kwanza. Mpe mtoto maji mengi. Tuongee kesho, hein?"

"Uliandika katika daftari la majaribio?"

Simu ilikatika. Haikukatika yenyewe.

Bernadette alikuwa amesikia neno moja tu, na lilimtosha. "Formole," alisema. "Formole si ile wanatia maiti zisioze?"

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alimlaza mtoto begani, akasimama, akavuta kitenge kutoka kwenye msumari. "Nimemchemshia," alisema. "Nikampulizia yapoe. Jana amesema Mama, yanachoma, nikamwambia maliza."

Kisha akasema, bila kumtazama mumewe: "Ulisema ni ya duka."

*

Hospitali ya serikali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na moja kwa miguu. Siku nyingine Onesphore asingehesabu. Alitia kopo la maziwa ndani ya mfuko, pamoja na karatasi yake ya ukimbizi iliyokuwa inakwisha Juni. Aliamini, kama walivyoamini wote katika jengo, kwamba kesi ya wizi, hata wa senti hamsini, inatosha mtu kunyimwa muhuri wa kuihuisha. Mlangoni, Mama Urbain wa chumba cha pili, Mkongo wa Bukavu mwenye umbo kubwa, aliwazuia.

"Muende wapi na iko vita inje?"

"Mtoto amekunywa sumu," Bernadette alisema.

Mama Urbain alimtazama Kaneza, akatoa shuka yake ya kichwani, akamfunika mtoto mpaka usoni. "Musiongee njiani. Hata neno. Kama mutu anawasalimia kwa Kizulu, itikieni kwa kichwa. Muende na Mungu, muende mbio."

Walitembea bila kusema. Mtaa ulikuwa mtupu kuliko siku za Krismasi. Kwenye robot ya pili, taa za barabarani, vijana watano walikuwa wamesimama, mmoja ameshika fimbo ya gofu. Taa ilikuwa nyekundu na hapakuwa na gari hata moja, lakini Onesphore alisimama kungoja, kwa kuwa mtu anayekimbia huonekana.

"Mama," Kaneza alisema kutoka ndani ya shuka, wazi, kwa Kiswahili. "Tunaenda wapi?"

Kijana mwenye fimbo aligeuza kichwa. Bernadette alimpapasa mtoto mgongoni. Kaneza alijinyoosha, akatapika kwenye shingo ya mama yake, na matapishi yalikuwa na uzi mwembamba wa damu. Bernadette hakufuta. Kijana mwenye fimbo alisema neno kwa Kizulu. Linaweza kuwa tusi, linaweza kuwa pole. Hawakungoja kujua. Taa ilikuwa bado nyekundu walipovuka, na mgongo wa Onesphore ulibaki umekaza, ukingoja pigo, mpaka kwenye lango la hospitali.

*

"Amekunywa nini?" aliuliza muuguzi wa mapokezi kwa Kizulu, kisha, alipoona hawajibu, kwa Kiingereza. Beji yake iliandikwa Sista Ntombela. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na sauti yake ilifika mpaka benchi la mwisho.

Watu waligeuka. Onesphore aliinamia meza na kujibu karibu kwa mnong'ono. "Maziwa. Yenye fomalini."

"Sema kwa sauti, baba. Fomalini inaingiaje kwenye maziwa? Wewe wa wapi?"

"Burundi."

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Sista Ntombela alivaa miwani, akamtazama mtu huyo mpaka akakitazama kiatu chake. Akarudi kwa Onesphore. "Sikukuuliza hilo kwa ubaya. Nauliza kama unanielewa. Umejuaje kuwa ni fomalini?"

Bernadette ndiye aliyetoa kopo mfukoni. Kiingereza chake kilikuwa cha saluni, cha bei na mitindo. Alifunua kitambaa, akainamisha kopo. "Siku mbili," alisema. "Tumetia amasi ndani. Siku mbili. Angalia."

Sista Ntombela alitazama maziwa yakiteleza. Hakuhitaji maelezo mengine. Nyumbani kwao pia chombo cha amasi, maziwa ya mgando ya Kizulu, kilikaa kando ya jiko, na alijua siku mbili za Aprili hufanya nini. Alisukuma kiti nyuma.

"Daktari!" aliita. "Huyu asipange foleni."

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimbonyeza Kaneza tumbo, akaangalia koo, akamsikiliza Onesphore bila kumkatiza. Kisha akaeleza mambo kwa ufupi. Kama ni matone mawili matatu katika lita mbili, mtoto ameunguzwa tumbo. Angepewa dawa na kuangaliwa katika wodi ya kawaida. Kama ni zaidi sana, damu yake inaweza kugeuka asidi na figo zikadhurika, na dalili zingechelewa. Hapo angetakiwa chumba cha uangalizi, apimwe damu kila baada ya saa sita.

"Chumba hicho kina kitanda kimoja kitupu," daktari alisema, "na kuna mgonjwa mwingine njiani. Siwezi kukigawa kwa kubahatisha. Nahitaji kiasi. Nani anakijua?"

"Kitakuwa kimeandikwa," Onesphore alisema. "Katika daftari lililofungiwa ofisini kwa Profesa."

"Basi mpigie mwenye ufunguo."

Bernadette alimshika mkono wa shati. "Akikufukuza?" alisema kwa Kiswahili. Halafu, kabla hajajibu, alimsukuma kwa mkono uleule. "Piga. Unasimama nini? Piga!"

Onesphore alitoka hadi ukumbini. Kwa miaka mitatu Profesa Moodley alikuwa amemwamini kwa mambo madogo, kwanza kufuta lenzi, kisha kupanga miale, mwishowe ufunguo wa kabati. Onesphore alitafuta neno fupi kuliko yote, akaona lipo moja.

"Prof, ni Onesphore. Niliiba yale maziwa."

"Maziwa gani?"

Alieleza kwa sentensi sita. Upande wa pili ilisikika sauti ya bomba la jikoni likifungwa.

"Nani mwingine anajua haya?" Profesa aliuliza.

Ukumbi ulinuka dawa ya sakafu. Onesphore aliibana simu sikioni. "Daktari ananisubiri, Prof. Anataka namba."

Moodley alikuwa nyumbani kwake, kilomita kumi na nne kutoka chuoni. Mke wake alimtikisia kichwa kutoka mlangoni: asitoke leo. Aliwaza kamati ya usalama ya chuo, kemikali isiyo na kibandiko, mwanafunzi wake, jina lake juu ya mlango. Hayo yote yalikuwa kweli, na yote yalipita kichwani mwake katika muda wa mtu kuvuta pumzi mbili.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Usizime simu."

Alipiga baada ya dakika thelathini na nane. Katika muda huo Kaneza alikuwa ametapika tena, na mgonjwa mwingine, mzee mwenye kifua, alikuwa amefika kwenye machela. Bernadette alisimama kati ya machela na mlango wa chumba cha uangalizi. Hakuna aliyemwambia asogee.

"Nina ukurasa mbele yangu," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka. "Ijumaa, tarehe kumi. Maziwa, lita mbili. Fomalini, mililita mbili. Mwandiko ni wa Elysée."

"Mililita mbili. Si matone mawili."

"Mililita mbili. Ni kama matone arobaini."

Onesphore alirudia namba kwa daktari, na daktari hakuiandika hata kidogo; alimnyanyua mtoto mwenyewe. Mzee wa machela alisukumwa hadi wodi ya mwisho wa ukumbi. Alipopita, Bernadette alimwinamia kichwa. Hakujua angemwomba msamaha kwa lugha gani.

Profesa alikuwa bado kwenye simu. "Onesphore. Mlinzi ana daftari lake. Inaonekana uliandika kwamba ni mali yako."

"Ndiyo."

"Utatakiwa kueleza."

"Nitaeleza."

*

Elysée alikuja Ijumaa mchana, akiwa na pakiti ya biskuti na chupa ya maji ya matunda. Alisimama mbali na mlango wa chumba cha uangalizi kama mtu aliyekuja kudaiwa. Onesphore alikuwa amekaa sakafuni, akiutazama mpira wa dripu kupitia kioo. Maji yaliyopita humo yalikuwa safi kabisa. Kwa macho usingeweza kusema kama yanakwenda au yamesimama, isipokuwa pale juu yanapodondoka. Tangu jana alikuwa anahesabu matone: ishirini na moja kwa dakika. Yalipokuwa kumi na tisa, alimwita muuguzi.

"Grand," Elysée alisema. "Anaendeleaje?"

Bernadette ndiye aliyesimama. "Wewe ni wa Uvira?"

"Ndiyo, mama."

"Uvira na Bujumbura ni nini katikati? Ziwa tu. Ukikaa kwenu unaona taa zetu."

"Ndiyo, mama."

"Ungekuwa mtu wa Kinshasa ningesema hajui. Wewe umekulia na Warundi. Uliona Mrundi anaambiwa amwage maziwa, ukaendelea kukunja nyaya. Ni Mrundi gani umewahi kuona anamwaga maziwa?"

Elysée aliitazama pakiti ya biskuti. Ukweli ni kwamba Jumanne alikuwa amegeuza kichwa, akamwona Onesphore akirudisha kifuniko. Alikuwa ameona. Alijiambia atamwambia njiani, na njiani kulikuwa na habari za marungu.

"Nilikuwa na woga," alisema mwishowe.

"Sisi wote tuna woga," Bernadette alisema. "Wa kwako ulitaka kutuzikia mtoto. Na usiseme matone kwangu tena. Jana ulimwambia baba yake matone."

"Pardon, mama."

"Biskuti weka pale. Hali chakula, lakini weka. Nenda nyumbani kabla giza halijaingia, wasije wakakupiga na wewe, tuanze kukulilia."

Aliziweka. Alipofika kwenye kona ya ukumbi aliegemea ukuta kwa muda mrefu, akiwa amejishika kichwa, kisha akaenda.

Saa tisa simu ya Onesphore ililia. Ilikuwa ofisi ya utumishi ya chuo, sauti ya kike yenye adabu. Mkataba wake wa mwezi kwa mwezi ungekwisha tarehe thelathini na usingehuishwa. Kwa kuzingatia hali ya mtoto, chuo kisingefungua shauri polisi. Mwanafunzi husika angepewa onyo la maandishi. Je, alikuwa na swali?

"Ufunguo wa kabati nimpe nani?" aliuliza.

*

Jumamosi asubuhi figo za Kaneza zilikuwa zinafanya kazi na damu yake ilikuwa karibu na kawaida. Daktari alisema hivyo kwa maneno hayo, "karibu na kawaida", na Onesphore alimwomba namba yenyewe, akaiandika kwenye kiganja. Mtoto alihamishiwa wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Alisema ana njaa. Alisema hivyo mara tatu, na mara ya tatu alilia.

Mhudumu alipita na sinia: uji, kipande cha mkate, kikombe cha maziwa.

Bernadette alimpa uji. Alimpa mkate, akiuchovya kwanza ndani ya uji. Kikombe alikichukua, akakinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akampa mumewe. Onesphore alinusa pia. Yalikuwa maziwa ya kawaida. Alijua ni ya kawaida. Wagonjwa thelathini walikuwa wanakunywa yaleyale. Hata hivyo, aliporudisha kikombe kwa mkewe, hakusema "mpe".

"Nataka maziwa," Kaneza alisema.

"Kesho."

"Kwa nini kesho?"

Bernadette alitafuta katika mfuko wake, akatoa kichupa cha Mama Urbain. Jirani alikuwa amekileta jana, amepita njia ya nyuma na shuka kichwani, pamoja na nguo safi na maneno mengi. Bernadette alitia kijiko kimoja cha mgando wake ndani ya kikombe, akakoroga, akafunika kwa leso, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali jua linapofika.

Jioni msafishaji wa wodi alinyoosha mkono akiondoe. Sista Ntombela, aliyekuwa anaandika kwenye meza ya katikati, alimwona.

"Hicho kiache," alisema.

"Sista, kitanuka."

"Ndicho wanachongojea."

Bernadette alilala kwenye kiti, mkono mmoja juu ya mguu wa mtoto. Onesphore alikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma, akarudi alfajiri kwa njia ileile. Hakuna aliyemgusa. Mitaa ilikuwa imetulia kidogo, au ilikuwa Jumapili tu; hakuweza kujua. Alipoingia wodini, mkewe alikuwa amesimama dirishani, hajafunua leso. Alikuwa anamngoja.

"Fungua wewe," alisema.

Alifungua. Aliinamisha kikombe, taratibu, nyuzi kumi, nyuzi ishirini, nyuzi thelathini. Maziwa hayakwenda popote. Yalikaa mahali pake, meupe, mazito, yametenga maji kidogo pembeni, na harufu yake kali ilipanda.

Bernadette alikaa juu ya kitanda, akajifunika uso kwa leso ile, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuwa amelia tangu Alhamisi. Onesphore alimwamsha mtoto, akamkalisha, akachota kijiko cha kwanza. Alikila yeye mwenyewe. Akangoja. Kisha akachota cha pili, akampa Kaneza.

"Yanachoma?" alimuuliza.

Kaneza alifikiri. "Yamechacha," alisema, na akafungua mdomo tena.